Dar hadi Unguja: dakika ishirini za nani?

Kwenye ramani, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere na ule wa Abeid Amani Karume karibu vinatazamana kusini kwa kaskazini, na kati yao angani ni kilomita 73 hivi. Ndege hutumia kama dakika ishirini. Boti ya kasi kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, umbali unaokaribiana na huo, huchukua karibu saa mbili. Kwa hesabu hiyo hakuna cha kubishania: ndege inaishinda boti.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi kwenye njia ya kurukia ndege. Mchukulie mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Darajani, mjini Unguja. Akipanda ndege, kwanza anakabiliana na Barabara ya Nyerere, kilomita kama kumi na mbili ambazo jioni zinaweza kumla saa nzima, hata daraja la Mfugale pale Tazara likiwepo. Anatakiwa aripoti mapema, akaguliwe, asubiri kuitwa. Akitua anangoja begi, halafu teksi au daladala ya 505 kuingia mjini. Jumla ni saa mbili na nusu hadi tatu, na humo ndani angani amekaa dakika ishirini tu. Mwenzake wa boti amefika bandarini kwa bajaji, na akishuka Malindi anatembea kwa miguu hadi Darajani. Tofauti yao inaweza isizidi robo saa, na siku ya foleni mbaya aliyepanda boti ndiye anayetangulia.

Hata hizo dakika ishirini zina mambo yake. Ukigawa kilomita 73 kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, unapata dakika tano na nusu. Hakuna ndege inayofanya hivyo hapa. Safari karibu yote ni kupanda na kushuka, ndiyo maana ATR, ndege ya injini mbili yenye kasi kubwa, haimwachi mbali sana Caravan mdogo wa injini moja. Anayelipa zaidi ili apate ndege kubwa hanunui muda. Labda ananunua nafasi ya mzigo, maana kwenye vindege vidogo kilo zinahesabiwa kweli kweli.

Hata hivyo boti nayo isisifiwe kupita kiasi. Kusi likichafuka, kati ya Juni na Agosti, saa mbili huwa ndefu mno: mifuko ya kutapikia inagawiwa na watoto wanalia. Tena wapo wasiosahau Julai 2012, boti ya MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ameokoa robo saa tu kwa kupanda ndege, atakucheka, na mimi nitakuwa upande wake. Mgonjwa na mama mwenye kichanga pia wana sababu ambazo saa ya ukutani haizipimi.

Kwangu mimi mshindi anaamuliwa na mahali unapotokea. Anayekaa Gongo la Mboto na kwenda Kiembe Samaki, kote upande wa viwanja vya ndege, au aliyeshuka Dar kutoka Mwanza na begi lake bado mkononi, apande ndege. Kwake kwenda bandarini ni kurudi nyuma. Wa Posta, Upanga na Kariakoo, bahari ikiwa shwari, akate tiketi ya boti.