Pai Iliyotembea

"Mama watoto, pai inatembea!"

Sauti hiyo ilinikuta nimeshika pembe mbili za mfarishi, lile blanketi la viraka lenye pamba ndani, navuta kwa nguvu zangu zote, najiuliza pamba imekuwa nzito hivi tangu lini.

Nilikuwa na wiki nzima ya kukaa nyumbani. Msimu wa maembe umepamba moto, kapu la vipande vya vitambaa limefurika. Mwenye akili zake angechagua moja, ama kushona ama kuoka. Mimi nilichukua yote mawili, tena juu ya meza moja.

Mfarishi ulikuwa wa mtoto: viraka 130, kumi kwa upana na 13 kwa urefu, kila kimoja kibaki sentimita 10 kwa 10 kikishashonwa. Kwa hiyo nilikata vya sentimita 11.2, maana mshono hula milimita 6 kila upande. Hapo hapataki mzaha. Mshono ukila milimita 8, kila kiraka kinapungua milimita 4, na safu ya viraka kumi inafupika kwa sentimita 4 nzima. Hilo nililiweza. Hata pasi niliipiga inavyotakiwa: safu ya kwanza mishono ilalie kulia, ya pili ilalie kushoto, ili safu zikiungana mishono isipandane ikafanya nundu. Nikajisifu, tena kwa sauti.

Balaa lilianzia kwenye kupanga matabaka. Kitambaa cha chini kinatandikwa kwanza, uso wake ukitazama meza, kingo zimebandikwa mezani kwa utepe wa gundi kisikunjamane. Juu yake pamba, kisha uso wa viraka. Hivyo viwili vya chini vizidi uso kwa sentimita 10 kila upande, kwa sababu cherehani husogeza matabaka kadiri unavyoshona. Halafu pini za kufunga, moja kila baada ya sentimita 10, ukianzia katikati kwenda nje. Meza yenyewe iwe tupu: ncha ya pini ikigonga mbao inateleza na kurudi juu, wala haina kingine cha kuchota.

Meza yangu ilikuwa imevaa kitambaa cheupe cha pamba, sentimita 150 kwa 240, zawadi ya wifi. Nikaona uvivu kukitoa. Utepe wa gundi nikaubandika juu ya hicho hicho kitambaa cha wifi, sawa na kumfunga mbuzi kwa mbuzi mwenzake. Nikapiga pini 130. Nilizihesabu kwa fahari, nisijue kila moja imemchukua na wifi.

Wakati huo pai iko kwenye oveni, nyuzi 200. Kinyunya hakikuwa na neno: gramu 250 za unga, gramu 125 za siagi baridi iliyopekechwa kwa vidole mpaka iwe kama chenga, chumvi kidogo, maji ya barafu vijiko vitano. Ndani vikombe vinne vya embe lililokatwa, gramu 100 za sukari, kijiko cha maji ya limau, na vijiko vitatu vya wanga wa mahindi, ule mweupe wa kukazia mchuzi. Wanga huo haukazi mpaka uchemke. Ndiyo maana pai ya matunda hukaa dakika 45 hadi 50, na huitoi mpaka uone rojo linatokota katikati, siyo pembeni tu. Mimi dakika ya 35 niliona juu pamekuwa rangi ya dhahabu, nikaitoa. Ndani kulikuwa na supu.

Pai ya aina hiyo inahitaji saa tatu kupoa ndipo ishikane. Ipoe wapi? Meza ina urefu wa sentimita 180, kitambaa cha chini kimechukua 150, zimebaki 30. Chombo cha pai kina kipenyo cha 23. Hesabu ikakubali, nikaitua pale.

Dakika 20 baadaye nikaamua mfarishi uende kwenye cherehani. Nikavuta. Haukuja. Nikavuta kama navuta ng'ombe kutoka kwenye tope, ndipo baba watoto akapaza sauti. Pai kweli ilikuwa inakuja, taratibu, imetulia kama abiria. Yeye, kwa wema wake, akaidaka kwa mikono mitupu. Chombo kilichotoka kwenye nyuzi 200 dakika 20 zilizopita hakidakwi kwa mikono mitupu. Alikiachia haraka kuliko alivyokishika, na supu yote ya embe ikamiminikia kwenye mfarishi.

Yeye alikwenda kushika mikono chini ya bomba. Mimi nilikwangua rojo kwa kijiko, kutoka kingoni kwenda katikati, bila kusugua, kisha nikafungua pini zote 130 na kupitisha maji baridi kwa nyuma ya kitambaa, doa litoke lilikoingilia. Hapo viraka vyekundu vikaanza kutoa jasho. Sikuvifua kabla ya kukata! Ilitosha kulowesha kipande kimoja na kukikandamiza kwenye kitambaa cheupe. Kingeacha uwekundu, ningejua. Niliuloweka uso kwenye maji mengi ya sabuni ya unga, nikayabadilisha mara tano, na pasi sikuigusa, kwani joto hukaza rangi. Viraka vyeupe vilitoka vya waridi. Vinapendeza, usiniulize zaidi.

Pamba nilikata pembe iliyolowa, nikaunga kipande kipya ukingo kwa ukingo kwa mshono wa zigizaga, bila kulaza kimoja juu ya kingine, la sivyo panabaki tuta. Kitambaa cha chini hakikufaa tena, kilipiga manjano na wekundu mpaka katikati. Lakini cha wifi kilichafuka upande mmoja tu. Nikakata sentimita 70, zikabaki 150 kwa 170, na mimi nilihitaji 120 kwa 150.

Mwezi uliofuata wifi akaja kutusalimia. Akapapasa meza tupu, akaangalia huku na huku.

"Wifi, kile kitambaa changu cheupe kiko wapi?"

"Kiko chumbani kwa mtoto, wifi. Funua mfarishi utazame chini yake."