Nani Anamhesabu Mwalimu wa Kijerumani?

Mwaka 1960 msichana wa miaka 20 kutoka Nyeri alifika Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas ulio kando ya mto Missouri. Alikuwa miongoni mwa mamia ya vijana waliopata masomo Marekani kupitia ule mpango wa Tom Mboya wa kusafirisha wanafunzi kwa ndege. Chuo alichopokelewa kiliitwa Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Alichukua baiolojia kuwa somo lake kuu, akaongezea kemia na Kijerumani. Alihitimu mwaka 1964, na miaka 40 baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Huyo ni Wangari Maathai.

Watu wakimsimulia huanzia kwenye miti. Mimi kinachonirudia kichwani ni kile Kijerumani. Kwenye rejesta ya chuo Wangari ni mhitimu wa baiolojia, basi. Mwalimu aliyekaa naye akimrekebisha matamshi na viambishi hakuongezewa mhitimu hata mmoja kwenye idara yake. Lakini aliporudi Nairobi, Wangari alifanya kazi chini ya Profesa Reinhold Hofmann, aliyetoka Chuo Kikuu cha Giessen, na mwaka 1967 akaenda Ujerumani kwenyewe, Giessen na Munich, kwa ajili ya utafiti wake wa uzamivu. Lugha aliyoibeba kutoka Kansas alikwenda kuitumia kwa wenyewe.

Nasema haya kwa sababu vyuo vya aina ile, vyenye wanafunzi elfu moja au mbili, ambavyo mtu anayesoma fizikia lazima apite pia kwenye falsafa, muziki au historia, vinapunguza idara za sanaa na insia kimoja baada ya kingine. Februari 2023 wadhamini wa Marymount University, kule Virginia, walipiga kura 20 kwa 0 kufuta shahada kadhaa za kwanza: Kiingereza, historia, falsafa, sanaa, sosholojia, teolojia, hata hisabati. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanaozichukua kama somo kuu ni wachache. Masomo yenyewe yangebaki kwa wanafunzi wa fani nyingine. Hilo naliona ni faraja ndogo sana, kwa kuwa mwalimu ambaye idara yake imefutwa ni mwalimu anayesubiri kustaafu bila mrithi.

Mimi nilipata bahati ya kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo cha namna hiyo. Sikitaji jina. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi sita wakizunguka meza moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasomea lugha. Mmoja alikuwa wa kemia. Huyu kijana alinisumbua sana na ngeli. Hakukubali kukariri, alitaka kujua kwa nini "mto" na "mti" viko pamoja, na kwa nini kijitu na kitabu vipatane. Jioni alikuwa anashinda kwenye karakana ya ufinyanzi, na siku moja akanivuta twende nikaone.

Alinionyesha bakuli mbili. Moja ilikuwa ya kijani kama jani la mgomba, nyingine nyekundu ya damu ya mzee. Akaniambia zimepakwa rangi moja, kutoka ndoo moja, yenye shaba ndani yake. Tanuri likipata hewa ya kutosha, shaba inatoka kijani. Hewa ikibanwa, moto unakosa oksijeni, unainyang'anya shaba ile oksijeni yake, na chombo kinatoka chekundu. Alikuwa ameyaona hayo kwa macho kwenye tanuri muhula mzima kabla hajafika kwenye sura inayoyaeleza katika kitabu cha kemia. "Nilipofika pale," aliniambia, "nilikuwa najua tayari, nilikosa maneno tu."

Kijana huyo alihitimu kemia. Ufinyanzi haukupata kitu, Kiswahili hakikupata kitu. Ripoti ya mwaka ilipotoka, idara zote mbili ziliandikwa kwamba hazina wanafunzi. Hazina? Tulikuwa nao, tuliwafundisha, tuliwasahihishia kazi zao usiku. Walikuwa wameandikwa kwenye daftari la mwenzetu.

Hapa ndipo ninapogombana na hesabu hii. Ukipima idara kwa idadi ya wanaoichukua kama somo kuu, katika chuo kilichojengwa ili watu wasome nje ya fani zao, umepima kitu ambacho chuo hakikukusudia. Anayetaka kujua thamani ya idara ya historia ahesabu viti: ni wanafunzi wangapi wa fani zote wamekaa mle ndani tangu muhula wa kwanza. Hesabu hiyo si ngumu, majina yote yamo kwenye rejesta.

Sikatai kwamba pesa ni tatizo la kweli. Vyuo vingi vidogo vya Marekani vinaishi kwa ada, na watoto wanaozaliwa kule wamepungua tangu mwaka 2008, kwa hiyo wa kuwagombania ni wachache kila mwaka. Marlboro College ya Vermont ilifunga milango yake mwaka 2020. Wazazi wanakopa, na mtu anayekopa ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Swali hilo nalijua toka nyumbani. Mimi sekondari nilisoma HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, na siku niliyochaguliwa, baba mdogo alimuuliza baba kwa huzuni kabisa kama nafasi za PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, zilikuwa zimejaa. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba sanaa ni mahali wanapokwenda walioshindwa sayansi. Ndiyo maana inaniuma zaidi kuona vyuo vilivyokataa mgawanyo huo kwa miaka mingi navyo vinaukubali.

Mwezi mmoja kabla sijarudi, chuo kiliitisha kikao cha walimu kujadili idara za kupunguza. Mimi nilikuwa mgeni, nikakaa nyuma. Waliosimama kutetea walikuwa wale wale mliotarajia: mwalimu wa falsafa, mwalimu wa muziki, mama wa Kijerumani aliyekuwa amefundisha pale tangu ujana wake. Walisikilizwa kwa heshima, jinsi mfiwa anavyosikilizwa. Kisha akanyanyuka mwalimu wa baiolojia, mwanamke mpole ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza hadharani. Alikuwa na karatasi ya majina ya wanafunzi wake, na mbele ya kila jina ameandika madarasa ya sanaa na lugha waliyopitia. Akaanza kusoma, jina kwa jina, bila haraka. Alipofika ukurasa wa pili mwenyekiti alimwomba aiwasilishe kwa maandishi.

"Nitaiwasilisha," alisema, "lakini hawa ni wanafunzi wangu, niache niwamalize." Akaendelea kusoma hadi jina la mwisho.