Preston-Dartmouth: kistari kilichomeza jimbo

Jimbo la Preston-Dartmouth lilishiriki uchaguzi mara mbili tu, 2013 na 2017. Mara zote mbili kiti kilikwenda kwa mtu yuleyule, Keith Colwell wa chama cha Liberal, kisha jimbo likafutwa. Katika historia ya Bunge la Nova Scotia, kule Kanada, hilo ni jambo la mstari mmoja. Mimi kinachonikera ni kile kistari katikati ya jina.

Preston ni North Preston, East Preston na Cherry Brook, vijiji vya watu Weusi nje kidogo ya Dartmouth, ng'ambo ya bandari ya Halifax. Watu Weusi walifika huko kwa mafungu: kwanza waliokuwa upande wa Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, kisha Wamaroon, jamii ya watumwa waliotoroka na wazao wao, waliofukuzwa Jamaica 1796, kisha wakimbizi wa vita vya 1812. Ardhi waliyogawiwa ilikuwa mawe, na baridi si ya kusimuliwa. Mwaka 1792 watu wapatao 1,200 walipanda meli pale Halifax wakaenda zao Sierra Leone. Wamaroon nao wakafuata 1800. Waliobaki, wamebaki hadi leo.

Bunge hilo lilianza 1758. Mtu Mweusi wa kwanza kuingia humo ni Wayne Adams, mwaka 1993. Hesabu mwenyewe. Na aliingia kwa sababu tume ya mipaka ilikubali Preston iwe jimbo peke yake, ingawa wapiga kura wake walikuwa wachache, kama ilivyofanya kwa Clare, Argyle na Richmond za Waakadia wanaosema Kifaransa.

Ikaja 2012. Serikali ya chama cha NDP, chini ya Darrell Dexter, Waziri Mkuu wa Nova Scotia, ikaweka sharti: jimbo lisipungukiwe wapiga kura kwa zaidi ya asilimia 25 ya wastani. Tume ikaleta ripoti iliyoyaacha majimbo yote manne. Mwanasheria Mkuu, Ross Landry, akaikataa. Wakarudi mezani, na Preston ikashonewa kipande cha Dartmouth.

Waliounga mkono mabadiliko hayo walikuwa na hoja, tena si ya kubeza: jimbo la peke yake si dhamana ya mbunge Mweusi. Katika chaguzi sita, Preston ilichagua mbunge Mweusi mara mbili tu: Adams, na Yvonne Atwell mwaka 1998. Na mwaka 2013, katika jimbo la Cole Harbour-Portland Valley, Tony Ince, mtu Mweusi, alimwangusha Dexter mwenyewe kwa kura 21. (Ndiyo, ishirini na moja. Nami nilicheka.)

Lakini wamekosea shabaha. Preston haikuwekwa ili mtu Mweusi apewe kiti kama zawadi. Iliwekwa ili anayekitaka, awe wa rangi yoyote, alazimike kwenda kubisha hodi North Preston, akae, aulizwe maswali. Ukiongeza mitaa ya mjini ya kutosha, mgombea anaweza kupiga hesabu zake akaona safari hiyo haina faida.

Waliokwenda mahakamani ni Waakadia. Januari 2017 Mahakama ya Rufani ya Nova Scotia ikasema kuingilia kazi ya tume namna ile kulivunja haki ya wapiga kura kikatiba. Mwezi Mei mwaka huohuo uchaguzi ukafanyika kwa mipaka ileile! Tume mpya ilirudisha majimbo manne 2019, na viti vya Bunge vikapanda kutoka 51 hadi 55.

Mwaka 2021 karatasi ya kura ikaandikwa Preston tu, bila kistari, na wagombea wa vyama vyote vitatu vikubwa walikuwa Weusi. Angela Simmonds wa Liberal akashinda. Alipojiuzulu 2023, uchaguzi mdogo wa Agosti ukampa kiti Twila Grosse wa Progressive Conservative, naye ni Mweusi.