Mikono Miwili, Bukta Moja

Kwa kuwa jirani keshatuma sauti kwenye grupu la mtaa kwamba "kakutwa uchi na mkwewe anafunga bomba", acheni niseme mwenyewe. Sikuwa uchi. Nilikuwa na fulana.

Mnaokaa Goba mnaijua shida yetu sisi wa bondeni. Tangi liko juu kilimani, na kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa moja (ya presha, msianze). Mchana watu wanachota, kuna nafuu. Usiku wakishalala, geji inasoma baa 7, flekisibo (ule mpira wa kuingiza maji) ya choo inapasuka, mnaamka sebule ina mawimbi. Fundi akashauri valvu ya kupunguza presha: ndani ina springi na kiwambo, presha ikizidi inajibana yenyewe, nyumbani yanaingia maji ya baa 3. Nikanunua. Akaifunga ukutani nje ya jiko, mshale unaelekea ndani kama inavyotakiwa, yunioni (viungo vya kukaza) huku na huku. Kwa macho, kazi safi.

"Bosi, naenda kufungua maji kwenye mita. Wewe kaa hapo, ukiona tone piga kelele."

Nikachuchumaa, uso karibu na yunioni. Nimevaa ile bukta ambayo lastiki yake ilishastaafu. (Mama watoto, najua unasoma.)

Tone likaja. "Fundi, lina..." Sikumaliza. Shaaa! usoni. Nikaziba kwa mkono mmoja, maji yakahamia upande wa pili. Nikaongeza mkono wa pili. Hapo yakapoa kidogo, yanapenya katikati ya vidole tu, yanashuka kifuani, tumboni, kwenye bukta. Bukta ikaanza kunywa. Ikawa nzito. Nikaisikia inaacha kiuno taratibu, haina haraka, kama konda anayesubiri abiria wa mwisho. Nikabana magoti. Ikapita nyonga. Nikiivuta, maji yananipofusha. Nikishika maji, bukta inakwenda. Nikapiga hesabu: fundi yuko getini, ukuta mrefu, nani ataniona? (Jirani wa ghorofani nilimsahau kabisa.) Nikachagua maji.

Bukta ilipotua kwenye vifundo vya miguu, mlango wa jiko ukafunguka. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Morogoro kumwona mjukuu, akatokea na sinia la chai ya fundi.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema: "Shikamoo mama."

Na yeye, Mungu ambariki, ana adabu zake, akaitikia. "Marahaba baba." Akageukia ukutani, akaweka sinia chini, akavua khanga ya mabegani, akanirushia kinyumenyume bila kutazama. Ikanifunika kichwa. Kichwa, jamani! Palipokuwa na shida pakabaki vilevile.

Yaliyofuata ni mafupi. Washa ya mpira ya yunioni ilikutwa kwenye mfuko wa shati la fundi. Akaiweka, akakaza, geji ikatulia kwenye baa 3, na choo sasa kinalala usingizi. Mama mkwe alipanda basi la alfajiri. Siku hizi akipiga simu anaomba kuongea na mtoto.

Khanga imefuliwa na kukunjwa, na mke wangu ameapa kwamba nitairudisha mimi, mkono kwa mkono. Nani anakwenda Morogoro wikiendi hii? Nauli juu yangu.