Kabichi za Mzazi

Mwanamume aliyeoa Tukuyu hufahamu mapema kwamba yapo maneno yasiyotamkwa mbele ya mama mkwe, na kwamba neno "matiti" ni mojawapo ya yale yasiyotamkwa hata kama nyumba inaungua. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu watu waliokwisha kusikia kisa hiki huniuliza kwa nini sikusema ukweli tangu mwanzo. Wanaouliza hivyo, bila shaka, wameoa kwingine.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Julai, wakati ambapo hapa Uyole baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na maji ya kunawa asubuhi huuma vidole. Mtoto aliwekwa kifuani mwa mama yake ndani ya saa ya kwanza, akanyonya yale maziwa ya mwanzo, machache, mazito, yenye rangi ya njano, ambayo muuguzi alituambia tuyahesabu kuwa ni chanjo yake ya kwanza. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na maagizo ambayo niliyaandika yote kwenye daftari, kwani mimi ni mtu wa kuandika: maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, bila maji, bila uji, bila maji ya sukari, anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, yaani kati ya mara 8 na 12 kwa siku, kitovu kiachwe kikavu na safi, kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya jirani.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe ameshawasili na mkungu wa ndizi, kuku wawili walio hai, na imani moja isiyotikisika, kwamba adui mkubwa wa mzazi duniani ni baridi. Jambo la kwanza alilotaka ni jiko la mkaa liingizwe chumbani na madirisha yafungwe. Katika hilo nilisimama imara kwa heshima zote, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu na imeua familia nzima nzima usingizini. Tuliafikiana kwamba jiko libaki uani na mtoto akae kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na blanketi juu yao wote wawili. Baada ya ushindi huo nilijua kwamba singepewa mwingine. Suala la kumkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni halikujadiliwa kabisa, nilisikia tu mke wangu akilia "Mama, taratibu!" nyuma ya mlango, nami nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Kisha maziwa yakaja. Kwa kawaida hujaa siku ya tatu au ya nne, na kwa mke wangu yaliamua kuja yote kwa pamoja. Alfajiri alikuta matiti yamevimba, yamekuwa magumu kama jiwe la kusagia, na chuchu imevutika ikawa bapa kiasi kwamba mtoto aliteleza kila alipojaribu kuishika. Mtoto alilia kwa njaa, mama yake akalia kwa maumivu, na mimi nikafungua daftari, ambamo hapakuwa na neno lolote kuhusu hali hiyo.

Tulirudi kliniki siku ileile. Muuguzi, mama mmoja mtulivu ambaye hakuna kitu kilichoweza kumshtua, alieleza kwamba tiba ya kwanza ni mtoto mwenyewe, kwa hiyo tusimpumzishe kunyonya hata kidogo. Mama aweke kitambaa cha uvuguvugu dakika chache kabla ya kunyonyesha, akamue kidogo kwa mkono ili ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ilainike, ndipo ampe mtoto titi akiwa amefungua kinywa kwa upana, kidevu kimegusa titi na mdomo wa chini umegeuka nje. Baada ya kunyonyesha ndipo atumie kitu cha baridi kupunguza uvimbe. Ikitokea homa, au sehemu ya titi ikawa nyekundu na yenye moto, turudi upesi. "Kama hamna friji," alimalizia, "tafuteni kabichi. Osha jani, lipoze, livunje ule mshipa wa katikati, liweke ndani ya sidiria, uliondoe likinyauka. Chuchu ibaki wazi." Niliandika yote, neno kwa neno, na sidiria nikaifupisha kuwa "S".

Huko sokoni Uyole nilipata tabu ambayo daftari halikuitarajia. Muuza mboga aliniuliza nataka kabichi za ukubwa gani. Hilo ni swali la kawaida kabisa, na mwanamume mwingine angelijibu, lakini mimi nilijikuta nimesimama katikati ya watu nimeinua viganja viwili hewani, nikivipanua na kuvipunguza, hadi nilipotambua umbo nililokuwa nikilionyesha na kuvificha mfukoni. "Zozote," nilisema. Kwa kunihurumia, au kwa kuijua biashara, aliniuzia kiroba kizima.

"Kabichi zote hizi ni za nini, baba?" mama mkwe aliuliza nilipokitua kiroba mlangoni.

"Za kula, mama."

"Zote?"

"Tunazipenda sana, mama."

Mke wangu naye hakutaka mama yake ajue, kwa maana kitu cha baridi kugusa kifua cha mzazi, tena Julai, kingemfanya mama yule apande gari la kwanza kurudi Tukuyu kuwaita shangazi zake wote. Kwa hiyo tiba ilifanyika kwa siri. Mama mkwe alipolala, nilibandua majani mapana, nikayaosha, nikayatandaza kwenye sinia nje ya dirisha letu, na baridi ya Uyole, ambayo kwa miaka mingi nimeilaani, kwa mara ya kwanza ikafanya kazi ya maana. Kila baada ya kunyonyesha, mke wangu alivaa majani mapya, akashusha pumzi ndefu ya nafuu, nami nikayapokea ya zamani, yaliyolegea na kupata uvuguvugu, nikayaweka katika beseni kwenye korido. Nilikusudia kuyapeleka asubuhi kwa kijana wa jirani anayefuga simbilisi, kwa kuwa kutupa mboga ni jambo ambalo sikulelewa nalo.

Asubuhi hiyo ilikuwa Jumapili. Nilipotoka kuchota maji nilikutana na jirani, tukazungumza zaidi ya nilivyokusudia, na niliporudi nikakuta uani pamejaa watu wa jumuiya waliokuja kumpongeza mzazi, wakiwa na sabuni, sukari, unga wa ulezi na khanga. Aliyewaongoza ni mzee wetu wa kanisa, mtu mwenye sauti nzito ambaye huombea chakula kwa muda mrefu hadi kipoe. Mama mkwe alikuwa jikoni, mwenye furaha, akisonga ugali. Nilipita kwenye korido. Beseni lilikuwa tupu, tena limeoshwa na kugeuzwa kifudifudi.

Nilimfuata jikoni kwa hatua za mtu aendaye kusomewa hukumu.

"Mama, yale majani yaliyokuwa kwenye beseni…"

"Nimeyaona, baba. Mlifanya vizuri kuyalegeza mapema. Nimeyaosha, nimekatakata, yameiva upesi mno, hata mkaa sikumaliza."

Hapo ndipo msomaji aliyeoa kwingine angesema. Mimi nilimtazama mama mkwe, nikaitazama sufuria iliyokuwa ikitoa harufu nzuri ya kitunguu, nikatafuta sentensi moja ya Kiswahili fasaha inayoweza kueleza majani yale yalilala wapi, bila kutaja yalikolala. Sikuipata hadi leo. Nikasema, "Asante, mama."

Wageni walinawa, mzee akaomba kwa kirefu, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mikono iliyokiandaa chakula hiki na kwa kila mahali kilikopitia. Mimi peke yangu nilifumbua macho. Kwa upande wangu, kukataa chakula kilichopikwa na mama mkwe mbele ya jumuiya nzima kungekuwa tusi ambalo lingehitaji kikao cha ukoo, kwa hiyo nilimega tonge, nikalichovya, nikameza. Kwa haki kabisa, ilikuwa mboga nzuri.

"Mama," alisema mzee wa kanisa baada ya kutafuna kwa tafakari, "kabichi hii umeiunga kwa maziwa?"

Nilipaliwa. Mtu mmoja alinipiga mgongoni, mwingine akaniletea maji.

"Hapana, baba," alijibu mama mkwe, "ni mafuta na kitunguu tu."

"Basi ina utamu wa pekee. Naonja kabisa kama maziwa. Naomba uniongezee."

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ilisikika sauti iliyoanza kama kikohozi, ikawa kwikwi, kisha kicheko kilichozibwa kwa mto. Wanawake wawili waliinuka kwa hofu wakidhani mzazi analia. Nikawatuliza kwamba nitakwenda mimi. Nilimkuta mke wangu amejikunja kitandani, machozi yanamtoka, khanga imelowa kifuani. Muuguzi alikuwa ametuambia kwamba mama akitulia na kufurahi maziwa hushuka kwa urahisi zaidi, nami nilidhani ni maneno ya kufariji tu. Alimchukua mtoto, akamweka, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake tulisikia ule mlio mdogo wa kumeza, tena na tena, bila kuteleza. Titi moja lililainika mbele ya macho yangu. Tukakaa pale tukiwa kimya, mradi tusitazamane.

Niliporejea kwa wageni nilikuta shauri limeshakatwa. Mke wa mzee wa kanisa alikuwa amefungasha kabichi sita kutoka kwenye kiroba chetu, kwa ukarimu wa mama mkwe, na alikuwa akiomba aelezwe namna ya kuzipika zipate ladha ileile.

"Ndaga fijo kwa kunisifu," alisema mama mkwe, "lakini kupika si kazi. Siri ni kuyaacha majani yalegee yenyewe usiku kucha kabla ya kupika. Mimi nimeyakuta tayari. Muulizeni baba huyu hapa, yeye ndiye anayejua anayaweka wapi."

Nyuso zote zikanigeukia. Mke wa mzee akatoa hata kalamu.

"Mahali popote penye joto la wastani," nilisema.