Hita Inawaka, Hakuna Anayeoga

Mwanza ukimwambia mtu umefunga hita ya maji ya moto, atakuuliza umehamia lini Makete, kule kwenye baridi. Jua letu halina uchoyo. Simtanki likishinda juu ya jabali tangu asubuhi, jioni unaoga uvuguvugu bure. Lakini ngoja Juni na Julai, upepo wa alfajiri upande mpaka kwetu Kitangiri, halafu mama mkwe awe amekuja kutoka Misungwi na magoti yake. Utafunga tu.

Nikafunga ya gesi, ile isiyo na tanki. Ni sanduku la bati lililotundikwa ukuta wa nje, nyuma ya jiko. Nje kabisa, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na kwenye bafu lililofungwa inaua, na kwenye hilo sina utani. Ndani yake kuna kifeni kidogo chenye sumaku. Maji yakipita kinazunguka, betri mbili za tochi zinapiga cheche, gesi inafunguka, moto unashika. Maji yakikata, moto unazima. Akili yake imeishia hapo.

Sasa alfajiri moja, saa kumi na moja hivi, nasikia tik-tik-tik-tik, vuuu! Mke wangu yuko pembeni anakoroma. Mama mkwe chumbani kwake anakoroma kwa cheo chake. Watoto kimya. Nikaenda bafuni: giza, sakafu kavu. Nikachungulia nje: kwenye kidirisha cha hita moto wa bluu unacheza. Ukazima. Kidogo tena, tik-tik-tik, vuuu!

Asubuhi mke wangu akasema ni panya.

"Panya anaoga?"

"Kwani wewe umemwona anayeoga?"

Nikakosa jibu. Ikawa ndiyo mtindo. Kuna siku inanyamaza kabisa unadhani imepona, kesho yake inaamka kabla ya adhana. Na mtungi wa kilo 15, ambao nilipouziwa niliambiwa "huu utausahau, bosi", ukawa haunipi nafasi ya kuusahau.

Fundi wa kwanza alikuja na bisibisi na kujiamini kwingi. Akalifungua sanduku, akaangalia ndani kwa huruma, akatikisa kichwa. "Kadi imekufa," yaani ule ubao wa umeme unaoiongoza hita. Nikamuuliza, kama imekufa mbona inawaka? Akasema kuna kufa kwa namna mbili. Akabadilisha kadi, akachukua hela, akaondoka na kadi yangu ya zamani mfukoni, ambayo nahisi sasa hivi inafanya kazi vizuri tu nyumbani kwa mtu mwingine. Alfajiri iliyofuata: tik-tik-tik, vuuu!

Hapo nikaamua kulinda mwenyewe. Nikajifunga taulo, nikachukua tochi, nikajibanza nyuma ya lile jabali la tanki. Upepo unanipiga miguu, mbu wa Kitangiri wananifanyia tathmini. Mara mlango wa banda la uani ukafunguka, akatoka mpangaji wangu. Sisi tunamwita Mama Sato, maana ndiyo biashara yake: mzigo wa Mwaloni, soko la samaki, anauparua pale uani kabla hakujakucha, kisha anaingia mtaani. Akaweka beseni chini ya bomba, akafungua maji.

Tik-tik-tik, vuuu!

Akafunga bomba. Hita ikazima. Akafungua. Ikawaka.

Nikasema leo nimemkamata. Huyu mama amechepusha bomba langu la moto! Nikachomoka nyuma ya jabali na tochi yangu.

"Mama Sato, umefanya nini hapo?"

Alichopiga si kelele, ni king'ora. Kisu huku, sato kule, beseni limepinduka. "Jamani! Baba mwenye nyumba ananichungulia na taulo!"

Taa zikawaka mpaka kwa majirani wa juu ya mlima. Mke wangu akatoka. Na nyuma yake, akijikongoja kwa magoti yale yale niliyoyanunulia hita, mama mkwe. Akaniangalia. Akaliangalia taulo. Akageuza uso upande wa ziwa, akanipa taratibu salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mkwe."

Tangu hapo chai nilinywea chumbani.

Fundi wa pili alikuwa kijana mdogo, na wala hakugusa bisibisi. Alifunga koki ya maji ya moto pale yanapotoka kwenye hita, akamwambia Mama Sato afungue bomba. Hita kimya. Akaifungua tena. Hita ikawaka. "Basi mashine nzima," akasema. "Kuna mahali bomba la moto limekutana na la baridi." Akaanza kupapasa mabomba kwa kiganja, chumba kwa chumba, mpaka choo cha wageni. Akasimama. Bomba la baridi lilikuwa la vuguvugu.

Pale kuna mpira wa kujisafishia. Koki mbili, ya moto na ya baridi, zinaingia kwenye mpira mmoja wenye kitufe mwishoni. Koki zote mbili zilikuwa wazi, kitufe kimeachiwa. Akanieleza: mtu akiachia kitufe haoni tone, anaondoka zake. Kumbe huku ndani njia iko wazi. Mama Sato akifungua bomba la uani, upande wa baridi unalegea, maji yanachepukia kwenye hita, yanavukia hapa, yanamfuata kwenye beseni. Hita hizi zinahitaji lita mbili na kitu kwa dakika tu, na mama anapoosha samaki hafungui kidogo.

Maelezo mazuri sana. Laiti angeishia hapo. Kijana akatoka sebuleni, akauliza kwa sauti ya kondakta, "Nani humu anatumia choo cha wageni na kuacha koki zote mbili wazi?"

Sebuleni alikuwa mtu mmoja tu, kwenye kochi, na khanga yake.

Nikaangalia dari. Mke wangu akaangalia simu iliyozima. Mama mkwe akakohoa. "Baba, mimi nilijua kile kitufe kikiachiwa maji yamefungwa."

"Hata mimi nilijua hivyo, mama," nikasema haraka, "kila mtu anajua hivyo."

Fundi akaweka chekivalvu, vali za kupitisha maji upande mmoja tu, pale koki mbili zinapokutana, moja kila upande, maji yasivuke tena hata koki zikisahauliwa. Usiku huo hita haikulia. Nililala usingizi wa mtoto mpaka saa kumi na moja na nusu, mlango ukagongwa. Mama Sato, na beseni kiunoni, mikono imejaa magamba.

"Baba mwenye nyumba, maji yamekuwaje? Ya baridi!"

"Ndiyo yalivyo maji ya bomba, mama."

"Hapana. Mwezi mzima yalikuwa ya moto. Mimi nikajua ndiyo maana mmepandisha kodi."

Nikafungua mdomo nimjibu. Nyuma yangu mama mkwe alishatoka na khanga mabegani, akashika vidole vya mwenzake.

"Mkwe," akasema, "mwenzangu anaparua samaki kwa barafu. Hebu mwite yule kijana arudi."