Klova ni Klova? Nusu Kweli

Kwenye mkutano wa wafugaji huku Kapchorwa, Uganda, mama mmoja alimwuliza afisa wa mifugo apande klova gani, ule mmea wa malisho wenye vijani vitatu, katikati ya nyasi za kikuyu. Afisa akamjibu, "Mama, klova ni klova. Ng'ombe hasomi Kilatini." Tulicheka wote. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipoanza kumbishia kimoyomoyo, na bado nambishia, ingawa si kwa kila alichosema.

Tuanze na haki yake. Klova zote ni jamii ya mikunde, zina protini nyingi, na mizizi yake hubeba vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni kutoka hewani. Ubaya wa klova hizo pia unafanana: mfungulie ng'ombe mwenye njaa kwenye klova changa yenye umande, uone tumbo linavyofura. Anayekata mzigo wa majani apeleke bandani hana haja ya kupiga magoti na kuhesabu manyoya ya jani.

Lakini yule mama hakuuliza habari za kukata. Aliuliza habari za kupanda.

Klova nyeupe inayouzwa kwa pakiti, Trifolium repens, asili yake ni Ulaya na nchi za jirani, na jina hilo ilipewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Milima yetu ya Afrika Mashariki nayo ina klova zake. Mojawapo ni Trifolium semipilosum, ambayo wataalamu huiita klova nyeupe ya Kenya, utadhani mmea unasimama Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuonyesha kitambulisho. Hizi mbili hufanana mno. Zote hutambaa, zote hutoa vichwa vya maua meupe au yenye wekundu kidogo, na alama nyeupe ya V katikati ya jani, ambayo watu wengi huitumia kama ushahidi, inaweza kuonekana kwa zote mbili. Hata klova nyekundu inayo. Mwenye kuamua kwa alama hiyo amedanganyika mapema.

Geuza jani. Lishike kwa kikonyo uliinue lielekee jua. Klova ya mgeni ni laini chini na juu, karibu haina kitu. Ya kwetu ina manyoya chini ya jani, na jina semipilosum lenyewe maana yake ni "yenye manyoya nusu." Hapo wapenda mimea hufurahi wakadhani kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu kuna namna ya klova hiyohiyo iitwayo glabrescens, yaani inayoelekea kuwa bila manyoya. Basi kipimo hiki kina upande mmoja tu wa nguvu: ukiyaona manyoya umepata jibu, usipoyaona bado hujapata.

Klova nyekundu, Trifolium pratense, haisumbui. Haitambai, inasimama, ina manyoya, na kichwa chake cha zambarau kimekalia majani mawili kama yai kwenye kiota. Kichwa cha klova nyeupe hubebwa juu na kijiti kirefu kilicho uchi. Hii nyekundu ina kisa kingine kinachonipendeza: maua yake ni marefu kwa ulimi wa nyuki wa mzinga. New Zealand walilazimika kuleta nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya na ulimi mrefu, kutoka Uingereza mwaka 1885 ili klova hiyo izae mbegu vizuri. Nyuki hao hawapo kusini mwa Sahara, kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba utavuna mbegu yako mwenyewe bila shida, mwulize nani atakayechavusha.

Kuna kosa kubwa kuliko yote haya, nalo halihusu klova kabisa. Watu wengi huita klova ule mmea wenye majani matatu yenye umbo la moyo, ambao watoto hutafuna kwa uchachu wake. Huo ni oksalisi. Ua lake lina petali tano zinazolingana, wakati ua la klova, ukilichomoa moja kwenye kichwa, linafanana na ua dogo la maharage. Oksalisi ya zambarau iliyotoka Amerika ina vitunguu vidogo ardhini, na jembe likipita huvitawanya. Ukiilea kwa kudhani ni malisho, umejipandia gugu.

Sasa kwa nini jina liwe na maana kwa anayepanda? Kwa sababu ya bakteria. Klova za Ulaya na za Afrika hazishirikiani na bakteria walewale. Mbegu iliyopakwa bakteria wa klova ya Ulaya haikusaidii ukiwa unataka kueneza ya kwetu, na bakteria wa udongo wetu wanaweza kuifanyia ya mgeni vinundu visivyofanya kazi. Niliwahi kununua pakiti iliyoandikwa "klova" tu, hakuna jina la pili, na muuzaji hakuwa na zaidi ya hapo. Mimea ikaota, ikawa ya manjano, ikadumaa.

Hapa lakini afisa anarudi na pointi, hata kama hakuitamka. Njia ya haraka ya kujua kama ndoa ya mmea na bakteria imeshika haihitaji Kilatini. Ng'oa shina kwa udongo wake, osha mizizi taratibu, pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu kama nyama ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, mmea unakula naitrojeni yako badala ya kukuletea.

Kwa hiyo mimi ningemjibu yule mama hivi: kabla ya kununua, dai jina kamili kwenye pakiti, na mmea wa shambani ugeuze jani. Baada ya miezi miwili, pasua vinundu. Vyangu nilivipasua nikiwa nimechelewa, na vilikuwa vyeupe.